Koki ya Njaa

Meja Shelukindo alikisoma kioo cha mashine. Alikisoma tena, akavua miwani na kuifuta kwa pindo la koti lake jeupe, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani.

"Kuruta," alisema, "una njaa."

Mwanakombo binti Makame alikuwa amesimama juu ya bamba la chuma, miguu mitupu, waya mwembamba umebandikwa chini ya ubavu wake wa kushoto. Alikuwa amepanda mlima tangu alfajiri kutoka Chumvini, mtaa wa bondeni ambao bahari ilikuwa ikiumeza kidogo kidogo, ili apimwe katika Kambi ya Kwembago na kujulikana kama anafaa kuwa askari wa ghala la nafaka.

"Ni Ramadhani, afande. Nimefunga."

"Wenzako nao wamefunga." Meja aliwaelekeza kwa kidevu makuruta waliopanga foleni ukutani, wote wembamba, wote wenye ngozi iliyolegea shingoni kama nguo ya mtu mwingine. "Nimewapima wote tangu asubuhi. Hakuna hata mmoja aliyeonyesha njaa."

"Dada, umeitoa wapi?" alisema kijana mmoja aitwaye Mhina, mcheshi wa foleni ile. "Tugawie kidogo. Mimi ladha yake nimeisahau tangu nilipoacha kuvunja viti vya watu kwa unene."

Wakacheka, na Mwanakombo akacheka nao, kwani naye alikuwa na hadithi zake za viti. Meja hakucheka.

Miaka hiyo, mtu aliyepasuliwa tumbo ili apungue uzito hakutupiwa kipande cha tumbo kilichokatwa. Kipande kilisafishwa, kikatiwa ndani ya chupa yenye maji ya uvuguvugu, na kwenye ncha ya mshipa wake wa fahamu ikapachikwa punje ndogo mfano wa ufuta. Punje pacha ilipachikwa kifuani mwa mwenyewe. Mrija uliingiza lishe chupani usiku na mchana, koki ikiwa wazi, na kipande kikaishi maisha yake yote kimeshiba. Popote alipokuwa mwenyewe, mjini au safarini, punje ile ilimnong'oneza kwamba ameshiba. Akala vijiko vichache, mkono ukasita wenyewe, na nyama ikampukutika mwilini bila vita.

Zamani zaidi, kabla ya chupa, majeshi yaliwakataa waliopasuliwa. Walisema mtu asiyeweza kumaliza sahani hawezi kumaliza safari. Kisha ukaja ukame juu ya ukame, na wakuu wa majeshi wakaanza kumtazama kwa jicho jingine askari anayelinda chakula asichokitamani. Lile lililokuwa dosari likawa sifa, na foleni ya Kwembago ikawa ya watu wa aina hiyo peke yao.

"Chupa yako iko wapi?" Meja aliuliza.

"Nyumbani, kwa mama."

"Mpigie. Weka sauti."

Simu ilipokelewa upesi, Mwanakombo akatoa salamu. "Waalaykumu salaam, mwanangu. Umeshapimwa? Wamekukubali?"

"Bado, mama. Chupa iko salama?"

"Iko hapa mbele ya mswala wangu, nimeifunika kanga isipigwe na jua."

"Na koki?"

Sauti ya mama ikashuka, kama ya mtoto aliyefumaniwa. "Koki nimeifunga."

"Umeifunga?"

"Tangu mwezi ulipoandama. Naifunga alfajiri, naifungua magharibi. Ewe mwanangu! Wewe ufunge, na kipande chako kikae kinakula mchana kutwa ndani ya nyumba yangu, tena mbele ya kibla? Hiyo ni saumu gani? Nimekifungisha. Leo tumekula daku pamoja, mimi na chenyewe."

Chumba kizima kilivunjika mbavu. Mhina aliinama akashika magoti. Mwanakombo alikata simu huku uso ukimwaka. Lakini ndani yake kulikuwa na jambo ambalo hakuthubutu kulisema mbele ya wale. Tangu siku ya kwanza ya mwezi alikuwa ameihisi ile njaa, hakujua itokako, na hakuuliza. Kwa miaka alikuwa amefunga saumu nyepesi kama ganda la yai. Mwaka huu saumu ilikuwa na uzito. Alidhani Mola amemrudishia, akaificha kama mtu afichavyo zawadi.

Meja Shelukindo alisubiri vicheko viishe. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na upole huo ndio uliozidi kuutia baridi ule ukumbi.

"Mama mmoja mcha Mungu," alisema, "kwa vidole viwili, amemtia njaa askari wangu, ilhali yeye yuko bondeni na askari yuko mlimani. Mnacheka. Sasa ichukueni koki hiyo muitie mkononi mwa adui." Hakuna aliyeendelea kucheka. "Aliyepasuliwa tumbo anafaa jeshini kwa sharti moja. Chupa yake ikae kwetu. Mama yako anaumwa, si ndivyo?"

"Shinikizo la damu, afande. Visima vya Chumvini vimeingiwa na bahari. Tabibu amesema asipopata maji matamu, hatafika mbali."

"Wazazi wa askari hupewa nyumba huku juu. Maji ya chemchemi." Akamwondolea ule waya kwa mkono mwepesi. "Niletee chupa, kuruta."

*

Jioni ile, adhana ya magharibi ilipopanda, Bi Mgeni, mama yake Mwanakombo, hakugusa tende kwanza. Alifunua kanga, akaipapasa koki kwa ncha za vidole, akaifungua. Mwanakombo, aliyekuwa ameketi ng'ambo ya sinia, alihisi shibe ikimshukia taratibu kama mtu anayefunikwa shuka na mwingine.

"Bismillahi," mama akasema, akatafuna tende yake. Miguu yake ilikuwa imevimba hata vifundo havionekani. Uji wa futari ulikuwa wa chumvi ingawa hakuna aliyetia chumvi.

Mwanakombo alieleza yote. Bi Mgeni alisikiliza hadi mwisho, kisha akaivuta chupa karibu na goti lake.

"Mkono wa mtu ukikatwa, huzikwa," alisema. "Hiki sikukizika kwa kuwa ki hai. Nikasema basi ni amana, nitakitunza, na siku yako ikifika mtashuka kaburini pamoja. Leo watu nisiowajua waje wakiweke rafuni? Wao watakuwa wanakifanya nini?"

"Watakilisha, mama. Ndiyo kazi yao."

"Mwenye kulisha anaweza kuacha kulisha."

"Hata wewe uliacha."

"Mimi naacha alfajiri nafungua magharibi, na ninayemwacha ni mwanangu. Hili nalo ni sawa na lile?"

Mlangoni alipita jirani yao, Bi Tatu, akapiga hodi, akaweka ndoo ya maji aliyoyafuata mbali, kwani Bi Mgeni hakuweza tena kutembea hadi huko. "Haya si matamu sana," alisema akihema, "lakini hayajawa bahari." Akaenda zake bila kungoja shukrani.

"Unaona, mama?" Mwanakombo akasema kwa sauti ndogo. "Ukiendelea na maji haya, kaburi la kwanza halitakuwa langu."

"Usinifanye mimi sababu." Bi Mgeni alimtazama usoni. "Ukienda, nenda kwa lako. Kesho ukija kujuta usije ukaniambia, mama, nilikwenda kwa ajili ya miguu yako."

Yalikuwa maneno mazito, na Mwanakombo aliyabeba hadi kitandani. Alijua ya kuwa kipande kile si gauni la kuazima. Ndimo ilimokaa njaa yake, na njaa ya mtu, aliona sasa, ni mlango ambao mwingine huweza kuuingilia. Je, yafaa kumkabidhi mtu ufunguo wa mlango huo ili mama apate maji ya kunywa? Na ikiwa haifai, atamtazamaje mama akizama katika chumvi, naye ameshika ufunguo wake mkononi? Aliswali, akaomba aonyeshwe lililo na heri. Alfajiri haikumwonyesha kitu ila miguu ile iliyovimba, ikiburuzika kuelekea kwenye mtungi wa udhu.

Akaichukua chupa. Bi Mgeni mwenyewe ndiye aliyeizungushia kitambaa cheupe, akakifunga vizuri pande zote mbili.

"Waambie wakifungishe mchana," alisema. "Ramadhani haijaisha."

"Nitawaambia."

*

Ghala la chupa lilichimbwa ndani ya mwamba, chini ya kambi. Mwanakombo alitarajia baridi, akakuta joto la chumba cha aliyejifungua, na harufu nyepesi ya maziwa. Koplo Kihiyo, mtunzaji wa mahali pale, mwanamke mfupi aliyetembea na ndara ili asipige kelele, alimpokea ile chupa na kuifungua kitambaa kwa upole.

"Kimetunzwa vizuri," alisema. "Kina rangi. Wengine hukileta kimesinyaa kama ganda la limau."

Rafu zilikwenda kando na kando mpaka mwanga ulipochoka kuzifuata. Katika kila chupa kipande kilijikunja na kujikunjua. Mwanakombo alitazama safu ya kikosi chake, akasogea karibu zaidi. Vyote vilijikunja pamoja. Vyote vilijikunjua pamoja. Hakuna kilichotangulia wala kilichochelewa, mfano wa maamuma nyuma ya imamu, lakini imamu hakuonekana.

"Vimezoeana," Koplo alisema alipoona anavyotazama. "Bomba lao moja. Mwanzo kila chupa ilikuwa na koki yake, tukaona ni kujisumbua. Sasa kila safu ina koki moja tu." Akaligusa gurudumu la chuma lililong'ara ukutani, kama mtu agusavyo kichwa cha mtoto.

"Hufungwa?"

"Ikilazimu."

"Mama anaomba..." Mwanakombo alianza, akaigusa chupa. "Mama anaomba kifungishwe mchana, mpaka mwezi uishe."

Koplo Kihiyo hakumcheka. "Humu hakuna mwezi, dada," alijibu, na akaunga mrija.

Kile kipande kilichotoka Chumvini kilijikunja peke yake, nje ya mpigo wa wenzake. Kikajikunja tena, kikisitasita. Kisha kikaingia mpigoni. Wakati huohuo Mwanakombo alihisi kifuani mwake kitu kikikaa mahali pake, na kando ya kitu hicho pumzi za watu asiowaona, wengi, walioshiba, wasiotaka lolote. Akaondoka mle ndani bila kukumbuka kuchukua kile kitambaa.

Meja alimpima jioni, wakati wa futari. Kioo kikasoma shibe. "Unafaa," akasema, na akampa mkono.

*

Bi Mgeni alipanda mlimani, akapewa nyumba katika mtaa wa wazazi wa askari. Akanywa maji ya chemchemi. Miguu ilirudi ikawa miguu. Mwanakombo alipokuja likizo pamoja na kikosi chake, mama alimtengea chakula, naye akala vijiko vyake vichache, akaweka kijiko. Bi Mgeni alianza kuona kwamba kijiko kile kilipowekwa, vijiko vya nyumba ya kulia na ya kushoto viliwekwa pia, na vya nyumba za ng'ambo, mtaa mzima, mlio mmoja. Hakumwambia mwanawe. Alilizoea jambo hilo kwa namna mtu azoeavyo mlango unaojifunga wenyewe.

Kiangazi kikakaza. Asubuhi moja watu wa mabondeni walipanda wakakaa mbele ya lango la ghala la nafaka. Hawakuja na mawe. Walikuja na makopo na watoto, wakaketi mavumbini, wakasema hawataondoka hadi wapewe mbegu. Kikosi kilipangwa mbele yao, virungu mkononi. Kutwa nzima askari waliwatazama watu wale, na hakuna moyo uliotikisika, wala wa huruma wala wa hasira. Mwanakombo alimwona Bi Tatu katika safu ya mbele, kopo tupu mapajani. Alimjua. Alijua ndoo zake. Kumjua huko kulikuwa mbali, kama jina la mtu lililosomwa kwenye ramani. Jambo lililomtisha ni kwamba halikumtisha.

Alasiri ilipoingia, Meja Shelukindo alikuja nyuma ya mstari, akasema kitu kwa simu ya kazini, kwa sauti ile ile ya chini. Chini ya mwamba mtu aliyevaa ndara akazungusha gurudumu.

Njaa ilikuja yote kwa mara moja.

Mhina alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Mstari mzima uliinama kama majani yaliyopitiwa na upepo, mikono matumboni. Hawa walikuwa watu waliotengana na njaa miaka mingi; hawakulijua jina lake wala mwisho wake. Walidhani wanakufa.

"Askari," sauti ya Meja ikasema kupitia kipaza sauti, taratibu, "hao mbele yenu wamekuja kula chakula chenu. Mbele ya lango pakiwa wazi, koki itafunguliwa."

Wakanyanyuka wote kwa pamoja. Mhina, mtu wa mizaha, alikwenda mbele meno yakiwa nje, na kirungu chake kikashuka juu ya kopo la mtu, kisha juu ya mkono ulioshika kopo. Watoto wakalia. Vumbi likafunika lango.

Njaa ilimshika Mwanakombo kama ilivyowashika wenzake; hakupunguziwa hata chembe. Miguu yake ilikwisha kwenda hatua kadhaa. Lakini alipoisikia ikimkwangua, alijua ni nini. Alikuwa amekaa nayo mchana kutwa, siku baada ya siku, akapika nayo, akaswali nayo, akalala nayo kipolepole akisubiri adhana. Ilimuuma kama inavyouma, na haikuwa amri. Naye, alipoanza kuumwa, Bi Tatu akamkaribia moyoni. Hakuwa tena jina kwenye ramani. Alikuwa mwanamke mwenye njaa, na Mwanakombo alijua hasa inauma mahali gani, na kwa kiasi gani.

Aliweka kirungu chini. Akaketi mavumbini mbele ya yule jirani, mgongo wake kuelekea kikosini.

"Mwanakombo?" Bi Tatu akasema. "Mwanangu, inuka, watakuumiza."

"Kaa hapohapo, mama," alisema, meno yakigongana. "Nina njaa sana. Usiniache nisimame."

Bi Tatu akamshika mabega kwa mikono yote miwili, akamkandamiza chini, na wakabaki hivyo mpaka vumbi likatua.

*

Mbele ya lango palikuwa wazi, watu wametawanywa, na kikosi kilikuwa kimeketi kando ya ukuta, koki imefunguliwa, nyuso zao zimetulia kama za watoto walionyonya. Mhina alikuwa akitazama damu kwenye kirungu chake, akijaribu kukumbuka. Mwanakombo peke yake ndiye aliyetetemeka bado.

Meja Shelukindo alichuchumaa mbele yake. Kwa mara ya kwanza, Mwanakombo aliona ya kuwa mtu yule anaogopa.

"Njaa ilikufikia?"

"Ilinifikia, afande."

"Yote?"

"Yote."

"Na hukwenda." Alivua miwani, akaishika bila kuifuta. "Askari asiyehisi njaa, namwelewa. Askari anayeihisi akatii, namwelewa. Wewe nitakufanya nini?" Akasimama. "Hufai. Mama yako ashuke kabla ya Ijumaa."

"Na chupa yangu?"

"Chupa ni mali ya jeshi. Tumeitenga na safu, isije ikawafunza wenzake."

"Koki yake imefunguliwa?"

Meja alikwenda zake.

Jua lilikuwa linazama alipofika kwa mama. Bi Mgeni alimwona mlangoni, akaona gwanda halimo mwilini. Alipakua wali, akapakua maharage, akamwekea. Mwanakombo akala. Alikula hadi kile kidogo kilichobaki cha tumbo lake kikauma kwa kujaa, akatapika uani, akarudi, akala tena, machozi yakimtiririka, na njaa haikusogea mahali pake. Nje, mtaa mzima, vijiko vya askari waliorudi kwa wazazi wao vikawekwa chini kwa mlio mmoja. Cha kwake kiliendelea kugonga sahani.

Bi Mgeni alikizuia kile kijiko kwa mkono wake.

"Wameifunga?"

"Wameifunga, mama. Na lazima ushuke. Maji yako..."

"Nimekuuliza jambo moja tu. Wataifungua lini?"

"Hawakusema."

Mama aliutazama kupitia mlangoni mtaa ule ulioshiba. Kisha akaivuta sahani yake mwenyewe, ambayo alikuwa hajaigusa, akaurudisha wali wote sufuriani, akafunika. Akasogea ubavuni mwa mwanawe, wakaegemea ukuta, bega kwa bega.

"Basi tutangoja sote," alisema.